Nilivyojifunza Kuwaimbisha Wenye Kifua

Wanangu mnaoanza kazi wodini, nitawaambia jambo ambalo mimi nililijua nikiwa mwaka wa kumi na moja kazini, tena nililijua kwa aibu. Mtu akishindwa kupumua mbele yako, ulimi utakuwasha umwambie, "Vuta pumzi!" Kila mtu husema hivyo. Jirani husema, shangazi husema, na nesi mwenye cheti husema kwa sauti kubwa kuliko wote. Ung'ateni huo ulimi.

Mimi ni Tausi. Nimezaliwa Tabora mjini, baba yangu alikuwa fundi cherehani mtaa wa Gongoni, na kwenye kliniki ya kifua niliingia msichana mwembamba nikatoka bibi wa wajukuu watano. Mengi nimeyasahau. Lakini asubuhi aliyoletwa Mzee Luhende naikumbuka mpaka kanga ya mkewe, ya kijani, imefungwa kifuani kwa haraka bila hata kunyooshwa.

Walitoka Puge, kule Nzega. Mzee Luhende alikuwa mkulima, na enzi zake alikuwa manju, yaani yule anayetangulia kuimba wakati kundi linalima shamba la mwenzao, wengine wanaitikia huku majembe yanashuka pamoja. Baadaye akaenda kuchimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Akaponda mawe miaka kadhaa bila hata kitambaa puani, vumbi likamkaa kifuani. Juu ya vumbi kikaja kifua kikuu. Hicho tulikitibu, kikaisha kabisa, ila mapafu yalibaki na makovu, magumu kama kiatu kilicholowa kikakaukia juani.

Siku hiyo alikaa kwenye benchi, mabega yamepanda karibu na masikio, mishipa ya shingo imesimama. Mkewe, Bi Kabula, alikuwa akimpepea kwa kadi ya kliniki. Dawa ya kuvuta nilikwisha kumpa, na daktari nilikwisha kumwita. Nikaona nisikae bure. Nikasimama mbele yake kama kocha wa mpira.

"Vuta pumzi, mzee! Vuta ndani! Jaza kifua! Tena!"

Akavuta. Akavuta tena. Macho yakamtoka pima. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo alivyozidi kubanwa, midomo ikaanza kugeuka rangi ya zambarau, na mimi, badala ya kunyamaza, nikaongeza sauti!

Benchi la nyuma alikaa Mwalimu Gervas, mgonjwa wa pumu aliyekuja kuchukua dawa zake. Ujanani alisoma seminari ya Kipalapala akitaka upadri. Upadri haukuwa, akaoa, lakini muziki alioupata kule hakuuacha. Alifundisha kwaya za parokia mpaka akaota mvi. Akanyanyuka taratibu, akaja.

"Samahani nesi," akasema. "Mbona unamjaza mtu aliyejaa?"

Hakusubiri jibu. Akachuchumaa mbele ya Mzee Luhende, akamwinamisha kidogo viwiko vikae juu ya magoti. "Mzee mwenzangu, usivute. Wewe toa tu. Kama unapoza uji wa moto. Mdomo mdogo. Toa polepole… toa… usijali ya kuingia, itakuja yenyewe. Sasa nifuate mimi." Akafumba mdomo, akatoa sauti ya chini, "Mmmmm," ndefu, tulivu kabisa.

Mzee Luhende akajaribu. Ya kwanza ilikuwa fupi kama kikohozi cha kuku. Ya pili ikawa ndefu kidogo. Ya tatu, nikaona mabega yanashuka. Kwa macho yangu! Daktari alipofika na mtungi wa oksijeni alimkuta mgonjwa bado ana shida, lakini anaweza kusema jina lake.

Hebu fikirieni debe lililojaa maji machafu. Utalijazaje maji masafi kabla hujamwaga yale ya zamani? Kifua cha pumu, kifua cha moshi, kifua cha vumbi, mara nyingi shida yake ni hewa iliyonasa ndani isitoke. Mgonjwa anavuta juu ya iliyojaa, anaogopa, anavuta tena, anabanwa zaidi. Itoeni hiyo kwanza. Nilisoma hayo chuoni, nikafaulu na mtihani wake, lakini siku yalipohitajika yalikuwa yamekaa kwenye daftari.

Nilikasirika siku mbili. Mgonjwa anifundishe kazi mbele ya wagonjwa! Siku ya tatu nikanunua kilo ya sukari, nikaenda kwake mchana.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunisema au kujifunza?"

"Kujifunza."

"Basi vua viatu, lala hapo mkekani."

Akaniwekea tumboni kifuko cha mchele cha kilo mbili. Alisema mchele unapaswa kupanda hewa ikiingia na kushuka hewa ikitoka, na mabega yasishiriki kazi hiyo hata kidogo. Mnaona ni rahisi? Jaribuni leo. Mimi ilinichukua wiki nzima. Halafu akanikatia ukanda wa karatasi, akaushika mbele ya midomo yangu: nipulize mpaka ulale, ubaki umelala, usipeperuke. Ingiza kwa pua hesabu ya mbili, toa kwa mdomo hesabu ya nne. Ukiweza nne, jaribu tano. Ukiona kizunguzungu, acha, pumua kawaida, hakuna medali.

Nyumbani nilifanya mazoezi kila nikipika. Mume wangu akasimama mlangoni mwa jiko. "Tausi, unanguruma nini?" Nikamwambia ni kazi. Hakuamini. Akamwambia dada yake, na dada yake akaja na chetezo cha ubani kumfukuza jini aliyenipanda. Ubani! Kwa mtu anayejifunza kupumua! Nilikohoa mpaka machozi, naye wifi akafurahi sana, akasema huyo sasa anatoka.

Mwalimu Gervas alikuwa na nadharia yake, na akianza kuieleza hashikiki. Mnajua njia ya zamani ya misafara ilipita hapa kwetu. "Unadhani wale wapagazi waliobeba pembe toka hapa mpaka pwani waliimba kwa furaha?" aliniuliza. "Mzigo hauna furaha. Waliimba ili pumzi igawanyike, kila hatua ipate fungu lake. Mtu asiyeimba alichoka kabla ya jua kupanda." Kama ni kweli sijui, hakuna mpagazi aliyebaki wa kumuuliza. Ila nilipoanza kuwaimbisha wagonjwa nilielewa alichomaanisha. Mwambie mtu atoe pumzi hesabu ya sita, ataihesabu kwa hofu. Mpe mstari wa wimbo wa urefu huohuo, ataumaliza bila kujua kwamba ametoa pumzi.

Basi tukaanzisha Jumatano yetu, barazani pale kliniki. Wagonjwa kumi na wawili, wengi wao akina mama waliopika kwa kuni maisha yao yote, na wazee wawili watatu waliokausha tumbaku kwenye mabani, ndani ya moshi. Tabu ya kwanza haikuwa pumzi, ilikuwa wimbo! Nikianzisha kaswida, mama wa kanisani ananuna. Mwalimu akianzisha wimbo wa kanisa, wamama wa Gongoni wanatazama dari. Tumekaa hivyo robo saa, kila mtu na heshima yake, hakuna anayeimba.

Bi Kabula, ambaye alikuja tu kumsindikiza mumewe, akauliza kwa upole, "Si mwimbe za kutwanga? Kinu hakina dini."

Tukacheka wote, na tangu hapo ikawa nyimbo za kutwanga, za kulima, za kubembeleza mtoto. Mistari mifupi, maneno ya kila mtu.

Na Mzee Luhende? Alikataa. Alikaa mwisho wa baraza, ametupa mgongo. "Mimi," pumzi, "nilikuwa manju," pumzi, "niimbe mmm," pumzi, "kama ndama?" Jumatano ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyohivyo. Sikumlazimisha. Ya nne tulikuwa tunaimba wimbo wa kulima, na nakiri tuliuimba vibaya, kila mtu na njia yake. Akavumilia, akavumilia, akashindwa. Akageuka na kufoka:

"Mnachelewa kuitikia nyie!"

Kwa pumzi moja! Bi Kabula akaacha kupiga makofi, mikono ikabaki hewani. Mzee mwenyewe alishangaa. Kisha akavuta kiti, akakaa katikati yetu, akaanza kuturekebisha, na hakurudi tena mwisho wa baraza.

Msidhani kila kitu kilikwenda vizuri. Jumatano moja nilichangamka kupita kiasi, nikaanzisha wimbo wa harusi, wa mbio, wenye vigelegele. Ubeti wa pili watu watatu wanakohoa, mama mmoja amemwegemea Mwalimu, Mwalimu mwenyewe anatafuta pampu yake ya dawa mfukoni. Daktari wetu mkubwa akatoka ofisini.

"Nesi, hapa ni kliniki au ukumbi wa harusi?"

Akawahudumia wote, hakuna aliyedhurika, kisha akaniita ndani. Nilitegemea atavunja kikundi. Alisema, "Sikukatazi. Lakini kama unasema inasaidia, nipimie. Nakupa mwezi."

Huyo ndiye daktari, wanangu. Hakunidharau na hakuniamini bure. Tukapima. Kila mgonjwa alipuliza kwenye kifaa cha kupima nguvu ya pumzi, na kila mgonjwa alitembea ukumbini, tukihesabu hatua kabla hajasimama kupumzika. Namba za kile kifaa, nawaambia kweli, zilibadilika kidogo sana, kwa wengine hazikubadilika kabisa. Kovu la pafu halisikii wimbo. Lakini hatua ziliongezeka! Na woga ulipungua. Mama mmoja alisema sasa akibanwa anajua la kufanya, hapigi tena kelele mpaka majirani waje. Daktari akatazama karatasi, akakuna kidevu, akatuongezea viti viwili.

Kwa hiyo mtu asiwadanganye kwamba nyimbo zinaponya mapafu, na ninyi msimdanganye mtu. Mgonjwa wangu aliyetaka kuacha dawa kwa sababu "sasa naimba" nilimtuma nyumbani akalete pakiti zake zote nikaziona kwa macho. Na mgonjwa aliyebanwa ghafla asiweze kumaliza maneno matatu, au midomo imebadilika rangi, huyo si wa kuimbishwa akapona. Huyo ni wa daktari, haraka.

Nasema hivyo kwa sababu ya safari ya Igunga.

Kituo kimoja cha afya huko kilisikia habari zetu kikatualika tukawaonyeshe wahudumu wao. Tulikwenda wanne: mimi, Mwalimu Gervas, Mzee Luhende na Bi Kabula. Kabla ya kuondoka nilimuuliza mzee, "Pampu unayo?" Akagonga mfuko wa shati: "Ninayo." Nikaridhika.

Tulipovuka Nzega na kukaribia Igunga, basi likasimama. Lori la pamba lilikuwa limepinduka, marobota yamezagaa barabarani. Jua la saa saba. Malori mengine yakawa yanapita pembeni kwenye udongo mkavu, ambako basi letu lisingeweza, na kila lori likipita linatuachia wingu la vumbi madirishani. Dakika kumi. Dakika ishirini. Nikasikia Bi Kabula ananiita, "Nesi. Nesi, mtazame."

Mabega yalikuwa yamepanda. Nikachukua pampu, nikaitikisa, nikabonyeza. Haikutoa kitu. Nikabonyeza tena. Tupu! Nilimuuliza kama anayo, sikumuuliza kama ina dawa. Tangu siku hiyo sijauliza tena swali hilo. Nasema, "Lete niione," na ninaitikisa na kubonyeza mwenyewe.

Basi zima likawa limesimama juu yetu. "Mpeni maji!" "Mpeni soda!" "Mlazeni chini!" Mmoja alikwisha kumshika miguu ili amlaze.

"Asilazwe!" nikapiga kelele. "Fungeni madirisha ya upande wa vumbi! Ondokeni mbele yake, hamumpi hewa, mnamnyima! Konda, piga simu kituo cha afya, waambie walete gari na oksijeni upande ule wa pili wa lori!"

Konda alikuwa kijana mkorofi tangu asubuhi, lakini hapo aliruka kama askari. Watu wakarudi viti vyao. Tukamkalisha mzee ameinama mbele, mikono juu ya furushi la mtu. Konda akarudi: gari linakuja, lakini nusu saa, labda zaidi.

Nusu saa! Nikamtazama Mwalimu aanzishe. Akafungua mdomo, vumbi likamkaba na yeye, akawa anakohoa na kunionyesha kwa mkono: wewe, wewe. Sauti yangu mimi ni kama bawaba isiyotiwa mafuta. Baba yangu alinikataza kuimba hata nikifua. Nikaanza hivyohivyo:

"Twanga polepole, mama, twanga polepole, jua bado lipo."

Nikamwambia sikioni, "Usiimbe. Wewe toa pumzi tu na mstari, ukiisha acha iingie." Bi Kabula akampiga mgongoni kwa viganja, taratibu, kwa mapigo ya kinu. Mara ya kwanza alikata katikati. Mara ya pili pia. Nikasikia kiti cha nyuma mfugaji mmoja mwenye fimbo yake anaitikia kwa sauti nzito, "Jua bado lipo." Kisha mama mwenye mtoto. Kisha konda. Kisha basi zima, kwa sauti ya chini, kama watu wanaombembeleza mtoto mmoja. Aliyechanganya mwendo wenzake walimkanyaga mguu. Sikumwambia mtu aimbe polepole. Walimtazama mzee na wakajua wenyewe.

Nilikuwa naogopa, wanangu. Naimba, huku natazama kucha zake. Zikigeuka zaidi sina kingine mkononi. Mstari wa ishirini, wa thelathini, sijui. Ila mahali fulani hapo katikati alifikisha mstari mpaka mwisho. Akafikisha tena. Hakupata nafuu, nisidanganye, lakini hakuendelea kuzama. Macho yake hayakutoka kwenye uso wa mkewe.

Gari likaja. Wanaume wanne walimbeba akiwa amekaa, juu ya mikono yao, wakapita naye kati ya marobota ya pamba. Kituoni wakamweka kwenye oksijeni na dawa ya mvuke. Baada ya saa moja akalala, na kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu mwingine yeyote. Nesi wa pale, binti mdogo, akaniuliza, "Mlimpa nini njiani, mama?"

"Hatukumpa kitu," nikamwambia. "Tulimsubirisha tu mpaka ninyi mfike." Kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikalia vizuri.

Wanangu, wimbo humsubirisha mtu. Wakati mwingine kusubirishwa ndiko kuishi.

Mvua za kwanza za msimu uliofuata, Bi Kabula akanipigia simu nije Puge. Nilidhani mzee amezidiwa, nikaenda na mkoba wangu wa dawa. Nikakuta kundi la watu kama ishirini shambani, majembe mabegani, na mbele yao Mzee Luhende, amesimama kwa fimbo, shati jeupe.

"Mwangaluka, nesi," akanisalimu kwa Kinyamwezi. "Leo utaona kazi."

Nilitaka kumkataza. Bi Kabula akanishika mkono. Mzee akatoa pumzi yote, akaacha iingie, akaanza. Sauti haikuwa ya manju wa zamani, ilikuwa nyembamba, yenye mchanga ndani yake. Akafika nusu ya mstari, ikamwishia. Na palepale, bila mwanya hata wa kupita sindano, Bi Kabula akaupokea mstari, akaumalizia, na kundi likaitikia, majembe yakashuka. Mstari wa pili vilevile: nusu yake, nusu ya mkewe. Walikuwa wamefanya mazoezi nyumbani, wawili peke yao, wiki nyingi, bila kuniambia neno. Mgeni asingejua kwamba wimbo ule una vifua viwili. Nilitupa mkoba kwenye nyasi, nikaomba jembe, nikalima vibaya kuliko wote, nikicheka ovyo!

Shamba lilipoisha watu wakakaa kwenye matuta, chakula kikaletwa: ugali, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa yakapikwa na karanga. Mzee Luhende akaketi, akapumua kwa mdomo mdogo mpaka akatulia. Kisha akamgeukia mkewe.

"Nina njaa," akasema. "Niletee na mimi."

Mwenye kifua kibovu, kama hamjui, huogopa chakula, maana kutafuna na kumeza humwibia pumzi. Bi Kabula alisimama na sahani mkononi, akanitazama mimi.

"Nesi, umemsikia?" akaniuliza. "Miaka miwili namlisha kwa kumbembeleza. Leo ameomba."

Akala, akamaliza, akaomba tena.